Ukisikia Kunanyesha Paka na Mbwa

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki akiambiwa aandike insha ya Kiingereza kuhusu siku ya mvua, kuna sentensi moja humjia hata kabla hajafikiri: "It was raining cats and dogs." Ameikuta katika vitabu vya kujiandalia mitihani, ameiona kwenye orodha za misemo zilizobandikwa ukutani, na pengine kaka yake aliikariri kwa ajili ya KCPE kabla mtihani huo haujafanywa kwa mara ya mwisho nchini Kenya mwaka 2023. Ukivuka mpaka kuingia Tanzania, mwanafunzi wa kidato cha kwanza, ambaye ndiyo kwanza anaanza kusomeshwa karibu kila somo kwa Kiingereza, naye hakawii kukutana nayo. Anaambiwa maana yake ni mvua kubwa mno, ananakili, basi. Mafundisho mengi huishia hapo. Lakini kujua maana ya msemo ni jambo moja, kujua nani huutumia, wapi na kwa sauti gani ni jambo jingine, na msemo huu ni miongoni mwa ile ambayo mtu anaweza kuijua maana yake barabara na bado akaitumia vibaya kila mara. Ushauri wangu nautoa mapema ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea: msemo huu upe masikio, usiupe ulimi. Uelewe kiasi cha kutobabaika ukiusikia. Ukifika wakati wa kusema au kuandika wewe, chukua maneno mengine.

Swali ambalo kila darasa huuliza ni paka na mbwa hao wametoka wapi. Asili yao haijulikani, na kinachoweza kufuatiliwa ni maandishi tu. Mwaka 1651 mshairi Henry Vaughan, mzaliwa wa Wales, katika kitabu chake cha Olor Iscanus, alitaja paa lililo imara dhidi ya mvua ya mbwa na paka. Miaka miwili baadaye ikachapishwa tamthilia ya Richard Brome, The City Wit, ambamo kunanyesha mbwa pamoja na mnyama fulani wa jamii ya kicheche. Utaona kwamba enzi hizo mbwa ndiye aliyetangulia, na mwenzake alikuwa bado hajapatikana rasmi. Kisha anakuja Jonathan Swift. Mwaka 1710 alitoa katika jarida la The Tatler shairi kuhusu mvua inayoshuka juu ya jiji la London. Shairi hilo linamalizikia kwenye mitaro iliyofurika, ikisomba takataka za mabucha, watoto wa mbwa waliozama na paka waliokufa. Wapo wanaodhani chimbuko la msemo ni hapo, lakini tarehe zinawakatalia, maana Vaughan na Brome walikwisha kuandika zaidi ya nusu karne kabla yake. Kazi ya Swift inayotuhusu zaidi ni nyingine, ya mwaka 1738. Humo msemo umekaa kwa sura yake ya leo, paka mbele na mbwa nyuma, na kitabu chenyewe ni kejeli. Swift alikusanya maneno yaliyochakaa ambayo watu wa tabaka la juu walikuwa wakirushiana sebuleni wakati hawana la kusema na hawataki kunyamaza. Yaani karibu miaka 300 iliyopita mwandishi hodari wa Kiingereza alikuwa tayari anauhesabu msemo huu kati ya maneno ya kuchekwa, na sisi tunaufundisha kama pambo.

Pengo la asili limezibwa na hadithi, na moja imeenea kupita zote. Ilianza kuzunguka kwa barua pepe mwaka 1999, katika waraka uliodai kueleza maisha ya Waingereza wa miaka ya 1500. Inasema nyumba za wakati ule ziliezekwa kwa nyasi, kwamba mbwa, paka na wadudu walilala ndani ya nyasi hizo wakitafuta joto, na mvua ikinyesha paa liliteleza, wanyama wakaporomoka. Hadithi ni tamu, na mtu wa Bara Ulaya aliyezoea vigae anaweza kuimeza. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hana udhuru huo. Anayejua paa la makuti anajua kwamba linaezekwa kwa mwinamo mkali makusudi, ili maji yateremke haraka yasiingie ndani. Panya anaweza kujenga kiota humo, na paka akamfuata. Lakini mbwa apandie wapi? Tena, ili mnyama ateleze kutoka juu ya paa wakati wa mvua, ni lazima awe amelala nje, juu ya paa hilo, mvua ikimpiga, na hakuna mbwa wala paka duniani anayechagua malazi hayo. Nimeitaja hadithi hii kwa urefu kwa sababu bado inafundishwa kama historia, na mwalimu anayeisimulia anampa mtoto uongo wa kukariri juu ya msemo wa kukariri.

Dhana nyingine nitazipitia haraka. Moja inamtaja Odin, mungu wa kale wa watu wa kaskazini mwa Ulaya, na mbwa mwitu wake, ikiwaunganisha na paka wa wachawi. Haina andiko lolote la kuishikilia. Nyingine inasema msemo ni neno la kigeni lililosikika vibaya, "catadupe", lenye maana ya maporomoko ya maji, ambalo Wagiriki na Warumi walilitumia kwa maporomoko ya Mto Naili. Hii inapendeza zaidi, hasa kwetu tunaokunywa maji ya chanzo cha mto huo, ila nayo inabaki kuwa dhana. Kwa mtumiaji wa lugha, funzo lililo wazi ni moja: ndani ya msemo huu hakuna picha inayoweza kufufuliwa. Ukisema kwa Kiswahili kwamba mtu amekula chumvi nyingi, msikilizaji anaweza kurudi nyuma akaona miaka mingi ya milo, na kutoka hapo akaelewa uzee. Paka na mbwa hawakurudishi popote. Ndiyo maana msemo huu hauchongeki. Huwezi kuongeza simba ili kuonyesha mvua iliyozidi, wala kubakiza paka peke yake kwa ajili ya manyunyu.

Ukiangalia lugha za majirani wa Waingereza utaona kwamba kila taifa lina kituko chake. Kwa Wafaransa hunyesha kamba, kwa Wajerumani nyuzi, kwa Waholanzi mipini ya kiko, kwa Wagiriki miguu ya viti. Kwa lugha ya Wales, nyumbani kwake Vaughan, hunyesha vikongwe na fimbo. Kamba na nyuzi walau zinafanana na mistari ya maji, vikongwe sijui. Mfasiri anayekutana na lolote kati ya haya hatakiwi kusafirisha mnyama wala kikongwe, kazi yake ni kusafirisha mvua. Na kwa Kiswahili onyo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mbili za kisarufi. Kwanza, Kiingereza husema "it rains", na hilo "it" ni kiti kitupu ambacho hakikaliwi na chochote. Kiswahili kina mwenye kiti: ni mvua yenyewe inayonyesha. Ukiandika "mvua inanyesha paka na mbwa" umewaleta wanyama kwenye sentensi isiyo na nafasi yao. Pili, kitenzi kunyesha kimezaliwa na kunya, ambacho watu wa pwani bado hukitumia kwa mvua bila haya yoyote, na ambacho kikihusishwa na paka na mbwa kina maana nyingine kabisa. Anayesikiliza asili ya neno atakuta kwamba mvua hiyo inawafanyisha wanyama jambo ambalo mfasiri hakulikusudia. Mwenye kutafsiri filamu au riwaya atosheke na "mvua ilimwagika", au "mvua ilinyesha utadhani mbingu zimetoboka", au aseme tu "mvua kubwa mno". Kama mhusika wa Kiingereza anasema kwa mzaha, mzaha nao utafutiwe wa Kiswahili.

Sasa matumizi. Kwa nini nashauri msemo uachwe na ulimi? Sababu ya kwanza ni kwamba wenye lugha wenyewe hawausemi sana. Mwingereza anayefunga mlango nyuma yake akiwa amelowa atasema "It's pouring", au "It's bucketing down", ambapo sasa picha ni ya ndoo, au "It's chucking it down". Mmarekani anaweza kusema "It's really coming down". Kuna na usemi mmoja maarufu sana Uingereza unaotumia kitenzi cha kukojoa. Ukiusikia uelewe, ila usiupeleke ofisini. Msemo wa paka na mbwa umebaki zaidi katika vitabu vya watoto, vibonzo, vichwa vya habari vya utani, na katika madarasa ya watu wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Kamusi zinazoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni zipo zinazoubandika alama ya kuwa ni wa kizamani. Mgeni akiutumia mbele ya mwenye lugha hatakosolewa, maana si kosa. Ataeleweka, na mara nyingi atapata tabasamu, lakini tabasamu hilo ni lile apewalo mtu aliyekuja mkutanoni na kofia ya babu.

Sababu ya pili inahusu uzito wa jambo. Msemo huu ni mwepesi, una kicheko ndani yake, na mvua yetu mara nyingi haina. Mchukulie mwandishi wa habari anayeripoti kwa Kiingereza kuhusu Katesh, wilayani Hanang, Desemba 2023, ambako maji na matope kutoka mlimani yaliua makumi ya watu. Au mafuriko ya Kenya ya Aprili na Mei 2024. Akiandika kwamba ilikuwa ikinyesha paka na mbwa ametania msibani. Katika ripoti, barua ya ofisi, dai la bima au taarifa ya shule kuhusu barabara kukatika, kinachotakiwa ni kipimo au matokeo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari zake kwa kutaja mvua kubwa inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na hapo msomaji wa taarifa anajua anaambiwa nini. Paka na mbwa ni milimita ngapi?

Atakayeshindwa kabisa kuuacha, basi angalau aushike kwa masharti yake. Hutokea karibu siku zote na kitenzi katika hali ya kuendelea: "it is raining", "it was raining". Paka hutangulia, na wote wawili huwa katika wingi. Hakuna kuongeza "heavily" mwishoni, kwa sababu uzito umo ndani tayari, wala kuweka "the" mbele ya wanyama, wala kuandika "heavy cats and dogs", kosa ambalo huzaliwa pale mwanafunzi anapotaka kutumia pambo na maelezo yake kwa pamoja. Na uwe wa mazungumzo ya kirafiki, mara moja kwa mwaka, ukiwa unatabasamu.

Najua pingamizi la kwanza litatoka wapi. Mzazi atasema: mwanangu anatafuta alama, na misemo huleta alama. Ni kweli kwamba kwa muda mrefu insha imesahihishwa kwa jicho linalotafuta mapambo, na mtoto hawezi kulaumiwa kwa kupeleka sokoni kinachonunuliwa. Lakini tukae kwenye kiti cha msahihishaji. Ana rundo la karatasi mbele yake, na katika karatasi nyingi mno mvua ni ileile, paka ni walewale. Msemo unaotokea kila mahali hauwezi kumtofautisha mtoto na mwenzake. Unaonyesha tu kwamba orodha ile ya ukutani ilikuwepo pia shuleni kwake. Atakayemfanya msahihishaji asimame kidogo ni yule aliyeandika kwamba mvua ilipopiga mabati, mwalimu alifungua kinywa na hakuna aliyesikia neno. Hilo ni jambo ambalo kila mtoto aliyesoma chini ya mabati analijua, halihitaji msamiati mgumu, na linaweza kusemwa kwa Kiingereza cha darasa la sita: "The rain on the iron sheets was so loud that the teacher stopped talking."

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitaki kulipita kwa haraka. Wapo watakaouliza: Kiingereza ni cha Waingereza peke yao? Kimekaa Afrika Mashariki zaidi ya karne, kinatumika mahakamani, bungeni na sokoni Kampala. Kwa nini tuangalie Mwingereza anasema nini ndipo tujue tuseme nini? Kama Mkenya anausema msemo huu na Mkenya mwenzake anamwelewa, kazi ya lugha imekwisha. Nakubaliana na msingi wa hoja hii kabisa. Lugha ni ya anayeitumia, na Kiingereza cha Nairobi hakina haja ya kuomba ruhusa London. Ila hoja yenyewe, ukiifuata mpaka mwisho, inaupinga msemo. Mwenye mali hufanya nini na mali yake? Huikata, huishona upya, huipaka rangi anayoitaka. Wanaoongea Kiswahili wamefanya hivyo: wakatwambia mtu aliyefukuzwa kazi amemwaga unga, na aliyelewa amevaa miwani, picha zilizochotwa jikoni na mitaani kwao. Huku kung'ang'ania paka na mbwa wa karne ya 17 si alama ya kumiliki. Mtu anayemiliki Kiingereza chake akiwa Kisumu ataiona mvua ikivuka ziwa na kusema kwa Kiingereza alichokiona, kama lori la kokoto linalomwaga mzigo wake juu ya mabati. Kama kuna msemo wa mvua ambao Kiingereza cha Afrika Mashariki kinautafuta, upo upande huo.

Kuna na hasara isiyoonekana. Muda uliotumika kwa paka na mbwa umechukuliwa kutoka kwa misemo mingine ya mvua ambayo kutoielewa kunaweza kumgharimu mtu. Mwenzako wa Marekani akikuandikia kwamba "I'll take a rain check" kwa mwaliko wako, hazungumzii mvua wala cheki ya benki. Usemi huo ulitokana na mchezo wa besiboli huko Marekani mwishoni mwa karne ya 19: mchezo ukivunjwa na mvua, mwenye kipande cha tiketi aliruhusiwa kurudi siku nyingine bila kulipa tena. Leo maana yake ni kwamba hawezi kuja sasa, labda siku nyingine. Na ukweli ni kwamba mara nyingi hiyo siku nyingine haiji, kwani ni njia ya adabu ya kukataa. Aliyeshika ahadi hiyo kama tarehe atasubiri sana. Vivyo hivyo "save for a rainy day", kuweka akiba kwa ajili ya siku ya shida. Huu una mtego wa namna nyingine, kwa kuwa unachukulia mvua kuwa taabu. Mkulima wa Dodoma aliyekodolea mawingu macho tangu Novemba atashangaa siku ya mvua inakuwaje siku mbaya. Mfasiri hapo asihangaike na mawingu, "akiba haiozi" imekwisha kufanya kazi hiyo. Misemo hii miwili inaishi, inatumika kwenye barua pepe na mikataba ya maneno, na bado ni wanafunzi wachache wanaofundishwa kuitambua.

Basi wewe unayejifunza, ukiukuta msemo wa paka na mbwa kitabuni, fahamu ni mvua kubwa, tabasamu, endelea kusoma. Ukihitaji kusema, "It's pouring" itakufikisha popote duniani. Ukihitaji kuandika, sema mvua ilifanya nini: ilibomoa daraja gani, ilizima taa saa ngapi, iliwakuta nani njiani. Nanyi walimu, masika yakifika na mvua ikapiga mabati ya darasa mpaka msisikike, msishindane nayo. Waambieni watoto wafungue madaftari, waandike wanachokisikia.